TAMKO LA TAWI: DUKA KUBWA LINATUKOPA, DUKA DOGO LINATUKOPESHA

*Kwa wanachama wote wa tawi. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kujibu.*

Ndugu wanachama,



Tangu juma lililopita mnatuuliza msimamo wa tawi kuhusu supamaketi kubwa ya bei nafuu inayotaka kujengwa kwenye kile kiwanja kinachotazamana na soko letu. Tangazo la kubadilisha matumizi ya ardhi limebandikwa ukutani, juu, kwa Kiingereza, na nusu yake imeshalowa mvua. Mwakilishi wadi wetu, ambaye sisi wenyewe tulimfanyia kampeni nyumba kwa nyumba, ameshasimama mbele ya kamera na kusema kwamba mradi huu ni maendeleo na anayeupinga hapendi maendeleo. Hakutuuliza sisi. Hakuuliza soko. Kamati ya tawi ilikaa Jumapili, ikabishana hadi usiku, na huu ndio msimamo tuliotoka nao.

*1. TUSIDANGANYANE: BEI NAFUU SI DHAMBI*

Tuanze na ukweli. Katika kamati yenyewe wako wanaonunua unga na sabuni supamaketi kila mwisho wa mwezi. Hakuna aibu. Mtu mwenye watoto wanne na kibarua cha siku hawezi kuambiwa alipe shilingi ishirini zaidi kwa pakiti ya unga ili aonekane mzalendo. Anayelihubiri hilo mara nyingi ni mtu ambaye shilingi ishirini haimuumi.

Tena tuseme na hili. Wapo wenye maduka yetu wanaopunja mizani. Wapo wanaopandisha bei ya sukari na tende Ramadhani ikikaribia. Wapo wanaouza maziwa yaliyopitwa na tarehe. Tamko hili si leseni ya kuendelea na tabia hizo. Anayempunja jirani yake ndiye anayemfungulia duka kubwa mlango.

Kwa hiyo hatusemi bei nafuu ni mbaya. Tunauliza: *nafuu hiyo inatoka wapi, na nani anailipia?*

*2. NAFUU INATOKA WAPI*

Sehemu yake ni halali kabisa. Anayenunua lori zima hupata bei kuliko anayenunua gunia. Ana ghala lake, magari yake na mashine zake. Hapo hatuna ugomvi naye.

Sehemu ya pili ndiyo haisemwi. Duka kubwa huuza kwa pesa taslimu leo, na humlipa aliyeleta mali baada ya siku 60, au 90, au zaidi. Hebu tupige hesabu ya mfano. Kikundi cha akina mama kinapeleka achari na juisi ya ukwaju za shilingi 40,000 kila wiki. Kikilipwa baada ya siku 90, kinakuwa kimepeleka mali ya karibu wiki 13 kabla ya kuona shilingi ya kwanza. Hiyo ni shilingi 520,000. Mali imekwisha kuuzwa na kuliwa, pesa imekwisha kuingia, lakini iko kwa mwenye supamaketi. Akina mama wanarudi kwenye chama chao kukopa, au wanakopa kwenye simu kwa riba, ili wanunue ukwaju wa wiki ijayo.

Mwiteni mnavyotaka, sisi tunamwita mkopaji. Amekopa nusu milioni kwa akina mama wa Kisauni bila riba, bila dhamana, na bila kuwaomba.

Sasa vukeni barabara mwende kwa mama mboga. Alfajiri yuko Kongowea, analipa taslimu, maana mwenye gunia hamjui. Anamlipa wa mkokoteni taslimu. Jioni wewe unafika huna kitu, unamwambia "niandikie." Anakuandikia. Daftari lake lina majina yetu karibu wote humu. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, mshahara ukichelewa bandarini, hoteli zikipunguza watu baada ya msimu wa watalii, ni daftari lile linalotuvusha. Anatupimia mafuta ya shilingi thelathini na unga wa robo. Nani kati yetu aliwahi kusimama kwenye kaunta ya supamaketi akasema "niandikie"?

Huo ndio msingi wa msimamo wetu: *duka kubwa linatukopa, duka dogo linatukopesha.* Kaunti ikipanga kuua la pili kwa ajili ya la kwanza, basi imepanga kufunga benki ya maskini.

*3. HAYA SI MANENO YA WIVU*

Tutaambiwa tunazua. Basi someni yaliyo wazi.

Sheria ya ushindani ya Kenya, baada ya marekebisho ya mwaka 2019, inataja kwa jina matendo ya mnunuzi mkubwa anayemwonea muuzaji mdogo: kuchelewesha malipo bila sababu ya haki, kuvunja mkataba bila notisi, kumsukumia muuzaji gharama za matangazo na hasara ambazo si zake. Bunge halikuyaandika hayo kwa kuota. Yalikuwa yanafanyika.

Mwezi Disemba 2023, Mamlaka ya Ushindani iliitoza kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour hapa Kenya, Majid Al Futtaim ya Dubai, faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 kwa kutumia vibaya nguvu zake za ununuzi. Waliolalamika walikuwa wawili: mtengenezaji wa asali, na Pwani Oil, kiwanda cha hapa hapa kwetu Pwani. Kampuni ilipinga na kukata rufaa, ni haki yake. Lakini jiulizeni: ikiwa kiwanda cha mafuta chenye mawakili na mahasibu kimefika mahali pa kwenda kushtaki, kikundi cha achari kitapata wapi pumzi?

*4. WANAKUJA, WANAUA, WANAONDOKA*

Wazee walituambia usiache mbachao kwa msala upitao. Sisi watu wa Mombasa tumeona misala mingi ikipita.

Nakumatt ilianzia Nakuru, ikafika maduka zaidi ya 60 katika Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda. Ilikuwa fahari. Januari 2018 ikawekwa chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ifilisiwe, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Kukopa harusi, kulipa matanga. Ila harusi ilikuwa yao na matanga yakawa ya wafanyakazi wasiolipwa na wauzaji wadogo waliokufa na ankara zao mkononi. Uchumi, lililoanzishwa na serikali mwaka 1975, lilifungwa 2006 kwa kulemewa na madeni, likafunguliwa tena, likaanguka tena. Tuskys likafuata njia hiyo hiyo. Shoprite ya Afrika Kusini ilifungua duka la kwanza Kenya Disemba 2018. Kufikia mwanzo wa 2021 ilikuwa imefunga virago. Pale City Mall Nyali tumeona kwa macho yetu: akaingia Nakumatt, akatoka, akaingia Shoprite, akatoka. Jengo lipo, taa zinawaka, anabadilika aliyemo.

Jengo likipata mpangaji mwingine, mwenye jengo amepona. Lakini duka la mtaa lililokufa miaka miwili ya kwanza halifufuki. Mwenyewe ameshauza friji, ameshamrudisha kijana wake kijijini, kibanda kimekuwa cha kuchaji simu. Duka kubwa linapoondoka haliachi soko kama lilivyolikuta.

Wala tusidhani ni mkosi wa Kenya peke yake. Jiji la Chicago, Marekani, lilipita hapo kabla yetu. Mwaka 2006 baraza la jiji lilipitisha sheria ya kuyataka maduka makubwa kama Walmart yalipe angalau dola 10 kwa saa na marupurupu ya dola 3 ifikapo 2010. Meya Richard Daley akaipiga marufuku kwa kura yake ya turufu. Hoja yake ilikuwa ile ile tunayoisikia leo: mitaa maskini inahitaji kazi, msiwatishe wawekezaji. Mwaka huo huo Walmart ikafungua duka lake la kwanza ndani ya jiji, mtaa wa Austin. Watafiti wa vyuo vikuu vya huko walizifuatilia biashara 306 zilizokuwa karibu na duka hilo. Kufikia 2008, 82 zilikuwa zimefungwa. Na Aprili 2023 Walmart ikatangaza kufunga maduka manne kati ya manane yaliyokuwa Chicago, ikisema yanapata hasara. Kwa baadhi ya wakaazi, duka la dawa lililokuwa humo likaondoka nalo.

Meya aliiondoa kinga kwa ajili ya ajira. Ajira zikaja kwa masharti ya kampuni, na nyingi zikaondoka siku kampuni ilipopenda. Mwakilishi wetu atafakari hapo.

*5. SI MCHINA, SI MWARABU, SI MKABURU*

Hapa tunawaomba msome polepole, kwa sababu humu kwenye kundi letu tumeona jumbe ambazo zimetutia aibu.

Mnakumbuka mwaka 2023 lilipofunguliwa China Square kando ya barabara ya Thika, Nairobi. Watu walifurika kwa bei. Wafanyabiashara wakaandamana mwezi Februari. Waziri wa biashara wa wakati huo, Moses Kuria, akasema Wachina waje kama wenye viwanda, si wachuuzi. Duka likafungwa kwa muda, likafunguliwa tena. Kelele ikaisha. Muulizeni yeyote: ni sheria gani ilibadilika siku ile kumlinda mchuuzi? Ni muuzaji gani alianza kulipwa mapema? Hakuna. Tulipewa adui wa kumzomea, tukaridhika.

Nakumatt ilikuwa ya Mkenya. Uchumi ilianzishwa na serikali. Tuskys ilikuwa ya familia ya Nakuru. Waliowaacha wauzaji bila malipo walikuwa na vitambulisho kama vyetu. *Anayekudai si rangi, anayekudai ni mkataba.* Mombasa ni mji wa biashara tangu enzi za majahazi. Nusu ya maduka tunayoyatetea leo yalifunguliwa na watu ambao babu zao walishuka bandarini. Tukianza kuulizana nani mgeni, hatutabaki na mtu wa kumwandikia deni.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hilo ndilo sharti letu kwa yeyote, awe wa Guangzhou, Dubai, Johannesburg au Nakuru: *mwenyeji apone.* Tawi halitamvumilia mwanachama atakayemtukana mtu kwa asili yake kwa jina la kampeni hii.

*6. NA KAZI JE?*

Vijana wetu wametuuliza, na ni swali la haki: mnatuzuia kazi?

Hapana. Kazi tunaitaka. Lakini kijana, uliza unapewa kazi gani. Wengi mnajua mtindo: unaajiriwa si na duka, bali na kampuni ya kukodisha watu. Mkataba miezi mitatu, unasimamishwa, unaitwa tena. Ukiumia, duka linasema wewe si mtu wetu. Wakati wa hesabu ya mali iliyopotea, unakatwa mshahara. Tunataka kazi yenye mkataba na mwenye duka mwenyewe, yenye makato yanayofika kunakostahili, na yenye haki ya kujiunga na chama cha wafanyakazi. Makato na haki ya kujiunga na chama vimo kwenye sheria tayari, hatubuni jipya.

Na tuhesabu pande zote mbili. Anayeorodhesha kazi zitakazokuja ataje na zitakazokufa: hamali, wa mkokoteni, wa boda anayepeleka mzigo, anayemenya vitunguu, anayelinda soko usiku. Hao hawana sare wala beji, kwa hiyo hawaingii kwenye hesabu ya mwekezaji. Kwenye daftari la wapiga kura wamo.

*7. TUNACHODAI*

Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti usimamizi wa biashara: masoko, leseni na biashara ya haki. Kwa hiyo mtu asituambie hili ni la Nairobi. Liko hapa, na sahihi ni ya watu tunaowajua kwa majina. Tunadai:

*(a)* Kikao cha wananchi ndani ya wadi, kwa Kiswahili, siku ambayo wachuuzi wanaweza kufika, na nakala za mpango ziwekwe ofisi ya wadi watu wazione kabla. Si kikao cha hotelini saa nne asubuhi siku ya Jumatatu.

*(b)* Leseni itolewe kwa sharti la maandishi: muuzaji mdogo alipwe ndani ya siku 30, na wa mboga, maziwa, samaki na mayai alipwe ndani ya siku 7.

*(c)* Dhamana ya fedha iwekwe kabla ya duka kufunguliwa, ili siku likifungwa wafanyakazi na wauzaji wadogo walipwe kwanza, si kuachwa wakipanga foleni nyuma ya mabenki.

*(d)* Wafanyakazi waajiriwe na duka lenyewe, na kaunti iione mikataba.

*(e)* Soko letu litengenezwe *kabla* ya duka kufunguliwa, si baada: paa, mitaro, vyoo, taa na chumba cha baridi cha samaki na mboga. Wachuuzi wanalipa ushuru kila siku. Miaka yote hiyo mvua ikinyesha wanauza wakiwa wamesimama kwenye maji. Serikali inayomwachia mchuuzi matope kisha inamlaumu kwa kukosa wateja inamkejeli.

*(f)* Mizani zikaguliwe, za soko na za supamaketi, kwa kipimo kimoja.

*(g)* Mwakilishi wadi aje mbele ya tawi kabla ya kupiga kura yoyote kuhusu jambo hili.

Duka likikubali hayo, lijengwe. Tutakwenda kununua unga humo bila kinyongo. Likisema haliwezi kuuza kwa bei nafuu likiwa linalipa wauzaji kwa wakati na wafanyakazi kwa haki, basi litakuwa limekiri lenyewe kwamba nafuu ile ilikuwa yetu tangu mwanzo.

*8. NENO KWA MWAKILISHI WETU*

Ndugu yetu, tunajua unasoma humu. Hatukutukani, na hatujakuchoka. Tulitembea nawe juani. Kadi ya chama uliyoinyanyua juu usiku wa matokeo ilichapwa kwa michango ya watu hawa: hamsini ya muuza mahamri, mia ya fundi wa viatu. Chama hiki kiliahidi kwenye mikutano kuwa mchuuzi hatafukuzwa wala hatasahaulika. Hukuahidi peke yako, tuliahidi sote, na sisi ndio tunaokutana nao kila asubuhi. Njoo tuzungumze. Lakini ukipiga kura bila kuja, usitutume tena milangoni mwa watu kukuombea. Hatutakuwa na la kuwaambia.

*9. WAJIBU WA KILA MWANACHAMA*

Kwanza, Jumamosi saa nane mchana, mkutano wa tawi sokoni, upande wa wauza samaki. Njoo na mwenzako asiye na simu ya intaneti, maana tamko hili halimfikii.

Pili, barua ya pingamizi iko kwa katibu. Soma, kisha utie sahihi na nambari ya kitambulisho. Usimsainie mtu mwingine hata akiwa mkeo. Sahihi moja ya uongo itazama na mia za kweli.

Tatu, wale mliowahi kupeleka mali supamaketi na hamjalipwa, leteni ankara zenu. Majina yenu tutayafunika. Tunataka tarehe na kiasi. Maneno matupu kaunti imeyazoea, karatasi haijazizoea.

Nne, hakuna kufunga barabara, hakuna kurusha mawe, hakuna kugusa ukuta wa kiwanja. Wakitupata na kosa moja dogo, habari itakuwa kosa letu na duka litajengwa kimya kimya.

Tano, leo jioni ukipita kwa mama mboga, lipa deni lako. Hata nusu. Hatuwezi kumtetea Jumamosi huku tunamla Ijumaa.

Tumbishane humu kwa adabu. Anayepinga msimamo huu aseme, kamati itamjibu. Lakini asiseme hakuambiwa.

*Imetolewa na Kamati ya Tawi.*
_Sambaza kwa wanachama wa tawi._